Kamirithu na Ngũgĩ wa Thiong'o: Jamii Inapomuenzi Mwandishi Wake

Aghalabu jamii humuenzi mwandishi kwa sanamu, jina la barabara au siku maalumu. Mathalani, jijini Dublin nchini Ireland, kila tarehe 16 Juni wasomaji huipita mitaa aliyoisawiri James Joyce katika riwaya yake *Ulysses*. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa kijiji cha Kamirithu, Limuru, kilimuenzi Ngũgĩ wa Thiong'o kwa njia tofauti: kilitunga pamoja naye.

Ngũgĩ, wakati huo mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alijiunga na kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji hicho mwaka 1976. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mswada wa tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*. Mswada uliposomwa hadharani, wakulima na wafanyakazi waliusahihisha: usemi wa wazee, methali, nyimbo na taratibu za sherehe. Isitoshe, walijijengea ukumbi wa wazi uliotosha watazamaji zaidi ya 2,000. Hivyo, msomi aligeuka mwanafunzi.

Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Akiwa gerezani Kamiti, aliandika kwenye karatasi za msalani riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Ilipochapishwa mwaka 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani na hata vilabuni, asiyejua kusoma naye akafaidi. Utanzu wa maandishi ukawa simulizi tena. Tarehe 12 Machi 1982, polisi waliubomoa ukumbi ule.

Je, kumbukumbu ilibomoka nao? La hasha. Mei 2022, tamthilia hiyo iliigizwa tena jijini Nairobi, na mwandishi alipofariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025, jina la Kamirithu lilitajwa sambamba na lake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunazo tafsiri, *Nitaolewa Nikipenda* na *Shetani Msalabani*. Hata hivyo, tafsiri haitwambii ni methali ipi iliyotiwa na mkulima, wala ni wimbo upi uliorekebishwa na bibi kizee. Hayo wanayajua walioigiza, ambao sasa ni wazee. Maadam fasihi simulizi ni uwanja wetu, yatupasa kwenda kuwasikiliza na kuyahifadhi masimulizi yao wangali hai.