Ardhi Ipimwe Ikiwa Imelowa

Kiangazi cha Kishapu, huku Usukumani, kinadanganya macho. Udongo mweusi wa mbuga hukauka mpaka lori la pamba linapita bila kuacha alama, na nyufa zake humeza mkono hadi kwenye kiwiko. Mimi ni fundi wa maabara ya barabara, na jambo ninalotaka kila mwananchi alijue ni hili: nguvu ya ardhi hupimwa ikiwa imelowa.

Tukiwa saiti tunatumia DCP, chuma chenye ncha ya nyuzi 60 kinachopigiliwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575. Mmoja anakishika kisimame wima, wa pili anainua nyundo na kuiachia, wa tatu anasoma rula na kuandika. Chuma kikizama upesi, udongo ni dhaifu.

Lakini jibu lenye uzito hutoka maabara. Tunashindilia udongo kwenye moldi, tunauzamisha majini siku nne, kisha tunausukuma kwa pistoni. Hicho ni kipimo cha CBR, ambapo kokoto bora iliyopondwa hupata 100. Mwongozo wa barabara wa Tanzania wa 1999 unaanza madaraja ya udongo wa msingi kwenye 3, na mbuga iliyolowa mara nyingi haifiki hapo. Tena huvimba: mshale wa geji unauona ukipanda. Tabia ya mbuga ya kushika maji, inayotupatia dengu, ndiyo inayopasua lami, kuanzia pembeni.

Kanuni hii ya kupima katika hali mbaya haihusu udongo tu. Huko Antaktika, karibu na kituo cha McMurdo, theluji imeshindiliwa ikawa uwanja wa ndege zenye magurudumu. Theluji nayo hupimwa kwa chuma cha kupigilia, na kwa kuwa hulegea joto likipanda, kipimo cha siku ya baridi kali hakitoshi.

Wasukuma waligawa udongo wao zamani: luseni ya kichanga, itogolo, ibushi, mbuga. Barabara ikiweza kupita kwenye luseni, ipite huko. Isipowezekana, mbuga ichimbwe, ijazwe moramu, tuta liinuliwe, na mitaro ikae mbali na bega la barabara.

Basi mkiitwa mkutano wa kijiji kuhusu barabara mpya, ombeni majibu ya udongo uliolowekwa. Mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Kolandoto mwezi Machi, mvua zikinyesha, anahitaji barabara iliyopimwa kwa ajili ya mwezi huo.