Ukiitwa Mbele ya Baraza

Katika milima yetu ya Luofu wako watu wengi wasioogopa mvua, wala baridi, wala safari ya usiku. Lakini wakiletewa barua yenye mhuri wa baraza, mikono yao hutetemeka. Mmoja huificha barua hiyo chini ya godoro, akidhani kwamba isiposomwa haitakuwa na nguvu. Mwingine humkimbilia mtu mwenye maneno mengi, akampa mbuzi ili "atengeneze mambo." Wala mambo hayatengenezeki. Siku ya kesi hupita, hukumu hukatwa bila yeye kusema neno, na shamba alilolima baba yake huenda kwa mwingine. Basi twataka leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mabaraza ya hukumu: yalitoka wapi, yana uwezo gani, na mtu mnyonge afanye nini afikapo pale.

Wazee wetu Wayira hawakungoja mgeni awafundishe kuhukumu. Walikuwa na kyaghanda, mahali pa kukutania wanaume penye moto, ambapo maneno ya ukoo yalizungumzwa mpaka yakaisha: mpaka uliosogezwa, mahari isiyotimizwa, mbuzi aliyekula maharagwe ya jirani. Hapakuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa kichwa cha mzee, na mzee alisema mbele ya watu waliomjua tangu utoto, kwa hiyo uwongo ulikuwa mgumu.

Wabelgiji walipotawala, waliyatia mabaraza hayo katika sheria yao. Dekreti ya 15 Aprili 1926 ilithibitisha mabaraza ya wenyeji: la sheferi, la sekta, na juu yake lile la teritware alilolisimamia Bwana Administrateri. Mwami aliketi na washauri wake, karani akaandika. Desturi ilifuatwa, mradi isipinge utaratibu mwema wa nchi. Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, serikali ilitaka kuwaweka mahakimu waliosomea kazi hiyo katika kila teritware. Sheria ya 1968 ilitaja Mahakama ya Amani, ile inayoitwa kwa Kifaransa Tribunal de Paix. Sheria ya 1982 ikaitaja tena, ikasema kwamba mahali ambapo mahakama hiyo haijafika, baraza la mwami litaendelea na kazi. Sheria iliyo juu ya mahakama sasa ni ya 11 Aprili 2013. Ndiyo sababu mtu wa kwetu huona milango miwili, asijue abishe upi.

Yafaa ajue kwanza mambo ambayo baraza la mwami haliwezi kuyahukumu. Mauaji si yake. Kumnajisi mtu si kwake pia. Tunalisema hili kwa nguvu, maana bado ziko familia zinazokaa chini na jamaa za mkosaji, wakapokea mbuzi wawili na fedha kidogo, wakasema maneno yamekwisha. Hayakwisha. Sheria za 20 Julai 2006 zimekataza kesi ya namna hiyo kuzimwa kwa faini ya mapatano. Njia yake ni kwa mwendesha mashtaka wa serikali, na hukumu ni ya mahakama kubwa, kama ile Tribunal de Grande Instance ya Butembo. Mzee anayeketi kuigawanya bei ya binti hafanyi kazi ya mzee.

Lakini ugomvi wa shamba, wa urithi na wa mahari unaweza kuhukumiwa karibu na nyumbani, nao ndio unaoleta watu wengi barazani. Hapo tukae kidogo.

Tumfikirie mama mjane. Ni mfano tu, ingawa msomaji wetu atamtambua, kwa kuwa hakuna kijiji kisicho na mama huyo. Mume wake amefariki. Vita imefika, amekimbia na watoto wake akiwa na sufuria na blanketi. Aliporudi alikuta shemeji yake amepanda viazi katika nusu ya shamba, na ule mti wa mpaka umekatwa. Shemeji asema: "Wewe ulikuja tu kuolewa hapa. Udongo ni wa ukoo." Mama yule hana karatasi hata moja.

Na kweli karatasi zimekuwa kitu cha shida kwetu. Mwezi wa Aprili 2009, usiku wa tarehe 17, wapiganaji wa FDLR waliishambulia Luofu wakachoma nyumba zaidi ya 200, na watoto watano wakateketea. Nyumba ya majani ikiungua haichagui: huungua pamoja na sanduku, na katika sanduku mna barua ya kununua shamba na cheti cha ndoa. Mtu aliyepoteza vitu hivyo hakupoteza haki yake. Amepoteza ushahidi mmoja, na ushahidi mwingine upo.

Je, upi? Kwanza majirani wenye kupakana naye. Hao ni bora kuliko ndugu zake wa tumbo moja, kwa sababu hakimu atawauliza, "Shamba lako linaishia wapi?" nao wakijibu kwa habari ya shamba lao wenyewe watakuwa wamelitaja na la mama. Pili, alama zilizobaki udongoni: kisiki cha mti uliokatwa, mfereji wa maji, migomba mikuukuu. Mti haupandwi jana ukawa na miaka ishirini leo. Tatu, vitabu vya parokia. Kitabu cha ubatizo na cha ndoa huonyesha nani alizaliwa na nani na mwaka gani, na padre au karani wake anaweza kutoa nakala. Tumeona watu wakisumbuka mwezi mzima kutafuta cheti mjini, na kumbe jina lao limekaa kimya katika kabati ya misheni.

Juu ya yale maneno ya shemeji, sheria si upande wake. Kitabu cha sheria ya familia cha 1 Agosti 1987 chasema watoto wote wa marehemu, wa kiume na wa kike, ndio warithi wa kwanza. Mjane naye ana fungu lake, na ana ruhusa ya kukaa katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe. Desturi inatumika mahakamani, Katiba ya 2006 inasema hivyo wazi, ila si desturi inayopinga utaratibu wa nchi au mwenendo mwema. Tena akina mama walioolewa wajue jambo hili: zamani sheria ile ya 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume wake kabla ya kwenda mahakamani kwa kesi ya madai. Sheria ya 15 Julai 2016 imeiondoa ruhusa hiyo. Anayemwambia mwanamke leo, "Mlete mume wako kwanza," anasoma kitabu cha zamani.

Udongo wenyewe una tatizo moja lisilotokana na shemeji. Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na ikaahidi kwamba haki za wale wanaokaa katika ardhi kwa desturi zitaelezwa na agizo la Rais wa nchi. Miaka mingi ikapita bila agizo hilo. Katikati ya hapo mkulima akaendelea kutoa mbuzi na pombe ya ndizi kwa mkubwa wa udongo, kama baba yake, huku mtu mwenye fedha akienda mjini kuandikiwa cheti juu ya kilima kilekile. Kesi nyingi chungu za Lubero zimezaliwa katika pengo hili. Mahakama ya Amani ina uwezo wa kusikiliza ugomvi wa ardhi iliyo chini ya desturi, na hakimu akitumia desturi huwaita wazee wanaoijua. Lakini mwenye cheti cha mjini asipuuzwe. Mtu akikutana naye na atafute mwanasheria mapema.

Sasa tuseme siku ya kesi. Barua ya kuitwa, yaani konvokasio, haimwambii mtu kwamba amekwisha hukumiwa. Yamwambia: njoo useme. Katika kesi ya madai, sheria inataka zipite siku 8 kamili tangu kuipokea barua hadi siku ya kufika, na siku huongezwa kwa mwenye kukaa mbali. Asome jina lake, jina la mshitaki, siku na saa. Asiyejua kusoma ampe mtoto wa shule asome kwa sauti, mara mbili.

Milango ya mahakama iko wazi kwa watu wote, isipokuwa hakimu akiamuru vingine kwa sababu. Kwa hiyo twamshauri mtu aende siku moja kabla ya kesi yake, akae nyuma, asikilize kesi za wengine. Atajua mahali pa kusimama, na hofu itapungua nusu. Siku yake mwenyewe, akiitwa, asimame, avue kofia, aseme na hakimu, wala asigeuke kubishana na mwenziwe. Kama Kiswahili au Kifaransa kimemshinda, aombe mkalimani. Si aibu kusema Kinande mbele ya hakimu. Na aanze na neno lenyewe. Tulimsikia mzee mmoja akianza na babu wa babu yake, jinsi alivyovuka mto na mbwa wawili. Hakimu alimwacha mpaka akafika kwa babu, kisha akamwuliza kwa upole: "Mzee wangu, na mpaka uko wapi?" Watu wakacheka, mzee naye akacheka, na kesi ikaendelea.

Juu ya fedha, watu hunung'unika, na mara nyingine wana haki. Kufungua kesi kunalipiwa. Hakimu akitaka kwenda kuliona shamba kwa macho yake, safari yake pia huwa na gharama. Lakini fedha ya mahakama hulipwa kwa karani, na karani hutoa risiti. Fedha isiyo na risiti si ya mahakama. Mtu akiambiwa, "Hii ni ya chai ya hakimu," na aombe tu kwa adabu jina la gharama hiyo liandikwe katika karatasi. Mara nyingi gharama yenyewe itatoweka. Maskini kabisa anaweza kuomba hati ya umaskini ili asilipishwe.

Kuna mchezo mwingine mbaya zaidi. Mtu anadai deni, au anagombea shamba, na badala ya kwenda kwa hakimu aenda kwa polisi, ili mwenziwe atiwe kasho mpaka alipe. Jambo hilo halina msingi. Katiba inakataza mtu kufungwa kwa ajili ya deni, wala haiachi katazo hilo liondolewe hata wakati wa hatari ya nchi. Aliyekamatwa kwa kosa la jinai naye ana haki ya kuambiwa sababu katika lugha anayoielewa, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Jamaa zake wahesabu saa hizo, waandike saa ya kukamatwa, waende kuuliza kwa heshima ila bila kuchoka.

Hukumu ikisomwa, watu wengi hufanya kosa la kwenda nyumbani na furaha au machozi, mikono mitupu. Aombe nakala. Aliyeshindwa katika kesi ya madai ana siku 30 za kukata rufaa tangu apokee hukumu kwa njia ya sheria. Katika kesi ya jinai siku ni 10 tu tangu hukumu itamkwe, na siku 10 si nyingi kwa mtu wa milimani anayetafuta nauli.

Haya yote yanataka hakimu awepo. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, na watu wengi wa kusini mwa Lubero wakafuata barabara ya Butembo na mizigo kichwani. Katika vita kama hii hakimu naye hukimbia, karani hukimbia, vitabu hubaki. Hapo hutokea mwenye bunduki akasema yeye atakata maneno, na mwenye haraka ya kupata shamba humpelekea kuku. Hukumu ya namna hiyo hudumu kadiri bunduki inavyodumu, na ikiondoka humwacha aliyeitafuta amekaa peke yake na majirani zake.

Wanaongoja wanaweza kuitumia miezi hii. Wakutane wazee wa pande mbili, na kamati ya Haki na Amani ya parokia ikiwezekana, waikanyage mipaka kwa miguu, waandike katika daftari: tarehe, majina ya waliokuwapo, hatua ngapi toka mferejini hadi kisikini, nani anapakana na nani. Kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Ziandikwe nakala tatu: moja ya huyu, moja ya yule, na ya tatu ikae kwa mtu wanayemwamini wote wawili, anayeishi mbali na Luofu.