Kihariri Chepesi au Studio Nzito: Hesabu ya Anayejifunza Programu Kachibora

Kijana wa Kachibora anayetaka kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana na washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia atafute laptopu yenye nguvu, aweke Android Studio au IntelliJ IDEA, kisha ndipo aanze. Wa pili humwambia afungue kihariri cha maandishi matupu, aandike mistari kumi, aiendeshe, aone imefanya nini. Makala haya yanapima njia zote mbili kwa shilingi, kwa bando na kwa muda. Tunamfikiria mtu anayeishi Kaplamai, Sitatunga au Suwerwa, ambaye pesa ya mashine itatoka kwenye mahindi au maziwa, na intaneti yake ni ile ya simu.

Uamuzi wetu tunautanguliza ili asiye na muda aondoke nao. Anza na kihariri chepesi. Pesa uliyo nayo itie kwenye RAM na diski ya SSD. Hamia Visual Studio Code mradi wako ukishakuwa na faili nyingi. Android Studio iache mpaka uwe na kazi ya Android mkononi.

Bei ya programu yenyewe

Hapa hakuna mshindi, kwa sababu karibu zote ni za bure. Notepad huja na Windows. Nano huja na matoleo mengi ya Linux. IDLE huja ndani ya Python ukiipakua kwa Windows. Notepad++, iliyotoka mwaka 2003, hailipishwi. Visual Studio Code, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2015, hailipishwi pia, wala Android Studio ya Google. IntelliJ IDEA ina sehemu ya bure inayomtosha anayeanza. Mambo hayakuwa hivi zamani: mwaka 1983 kampuni ya Borland iliuza Turbo Pascal kwa dola 49.95, na watu wakaiona rahisi mno kwa sababu iliweka kihariri na kikusanyaji mahali pamoja.

Kwa hiyo anayekutoza kukuwekea VS Code anakutoza kazi yake na bando lake. Hilo ni halali, mradi ujue hakuna leseni unayonunua.

Kihariri kimoja kati ya hivi vyepesi kina uhusiano na majirani zetu. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na Ukimwi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kuwachangia watoto hao, na kwa miaka mingi wengi waliofungua Vim bila faili walikutana na ujumbe wa kuwaomba wawasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Programu aliyotuachia inatumika bure mpaka leo, na waliolipa walilipia masomo ya watoto.

Mashine inayodaiwa

Gharama halisi inaanzia hapa. Notepad++, Nano, Vim na Geany hukimbia vizuri kwenye kompyuta ya RAM GB 2. VS Code, kwa maelezo ya Microsoft, inahitaji GB 1 tu, lakini imejengwa juu ya injini ya kivinjari cha Chromium. Ukifungua pia kivinjari chako na nyongeza mbili tatu, GB 4 ndiyo kiwango cha chini cha kufanya kazi bila kukasirika, na GB 8 ndiyo raha. Android Studio inataka GB 8 kwa uchache, na GB 16 ukitaka kuendesha simu ya kuiga ndani ya kompyuta.

Tuchukue bei za makadirio za laptopu za mtumba, zile ambazo wauzaji wa Kitale huziita za Uingereza. Ndogo ya GB 4 tuiweke Sh 14,000. Ya Core i5 yenye GB 8 na SSD tuiweke Sh 24,500. Ya GB 16 iliyo hai kweli tuiweke Sh 42,000. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo piga simu madukani kabla ya kupanda matatu. Tukihesabu gunia la mahindi la kilo 90 kwa Sh 3,500, laptopu hizo ni magunia 4, magunia 7 na magunia 12.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni magunia manane. Kwa nyumba yenye ekari mbili au tatu, hayo ni mbolea ya msimu ujao na sehemu kubwa ya karo. Mzazi akiombwa magunia manane kwa sababu ya programu ambayo mtoto hajaandika nayo hata mstari mmoja, ana haki ya kuuliza maswali.

Ukiwa na laptopu ya zamani tayari, usikimbilie kuiuza. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD na kuongeza RAM hugharimu sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, na huleta mabadiliko unayoyaona siku hiyo hiyo. Mwambie fundi aifungue kwanza uone kama RAM inachomoka au imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Ikiwa imeunganishwa, haitaongezeka kamwe, na bei yake ishuke.

Jambo jingine ni Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa vichakataji vingi vya Intel vilivyo chini ya kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba ziko chini ya hapo. Linux Mint huhitaji RAM GB 2, na GB 4 huifanya ipumue. Kihariri chepesi juu ya Linux Mint huifufua mashine ambayo studio nzito zimeshaikataa.

Bando

Chukua bei unayolipa kwa GB moja, uizidishe mwenyewe. Sisi tutatumia Sh 100 kwa GB ili hesabu iwe nyepesi.

Notepad++ haifiki MB 10, yaani shilingi moja. Python pamoja na IDLE yake ni takribani MB 30, yaani shilingi tatu. VS Code ni takribani MB 100, shilingi kumi, kisha hujisasisha yenyewe mara kwa mara, na kila sasisho linaweza kula kiasi kama hicho. Ikijisasisha kila mwezi, mwaka mzima ni kama Sh 120. Si nyingi, lakini hukatwa wakati hukupanga. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuifanya isubiri amri yako.

Android Studio peke yake hupita GB 1. Kisha huagiza vifaa vya Android, picha ya simu ya kuiga, na maktaba za Gradle. Ukifika jumla ya GB 6 usishangae, na hizo ni Sh 600 kabla ya neno la kwanza kutokea kwenye skrini. Mtandao ukikatika katikati, sehemu ya hizo utazilipa mara ya pili. Wanaoandika tovuti kwa JavaScript nao wajihadhari na folda ya node_modules, ambayo kwa mradi mdogo tu inaweza kubeba mamia ya MB.

Dawa yake ni kupakua mahali penye Wi-Fi: chuoni, kwenye maktaba, kwa rafiki wa Kitale au Bungoma mjini, au saiba inayokubali. Hifadhi faili za kusakinisha kwenye flashi. Wanafunzi watano wakitumia flashi moja wameokoa bando la watu wanne.

Kuna njia ya kuandika programu kwenye kivinjari huku kazi ngumu ikifanywa na kompyuta ya mbali. GitHub Codespaces, kwa mfano, hutoa saa 60 za bure kila mwezi kwenye mashine ndogo. Laptopu dhaifu inatosha, lakini kila dakika ya kazi ni dakika ya mtandao, na bando likiisha kazi inasimama. Wasaidizi wa akili unde wana hesabu yao pia. GitHub Copilot ina kiwango cha bure chenye mipaka, na wanafunzi waliothibitishwa wamekuwa wakipewa zaidi bila malipo. Kiwango cha kulipia kimekuwa dola 10 kwa mwezi. Kwa Sh 130 kwa dola, hiyo ni Sh 1,300 kwa mwezi na Sh 15,600 kwa mwaka. Inazidi laptopu yetu ya kwanza.

Stima

Laptopu inayokula wati 50 kwa saa nne kila siku hutumia yuniti 6 kwa mwezi. Tukikadiria Sh 30 kwa yuniti, ni Sh 180. Studio nzito huzungusha feni na kuongeza kidogo, lakini tokeni hazitakufilisi.

Hasara huja mvua kubwa zinapoanza na stima kupotea jioni. Betri ya mtumba mara nyingi imechoka, na programu nzito huimaliza upesi zaidi. Kuhusu kupotea kwa kazi, usidhani chepesi ni salama kila mara: Notepad ya zamani hupoteza ulichokuwa hujahifadhi, ilhali VS Code hukurudishia. Vim nayo huweka nakala ya pembeni unayoweza kuirejesha.

Muda na maarifa

Kihariri kitupu hukulazimisha kujua jina la amri, mahali faili ilipo na maana ya ujumbe wa kosa. Mwanzoni inachosha, lakini ndiyo elimu yenyewe. Karatasi ya kwanza ya Computer Studies ya KCSE huandikwa kwa kalamu, na hakuna kitu cha kukumalizia neno. Seva nyingi za Linux nazo hazina skrini ya picha. Anayejua Nano au Vim anaweza kurekebisha tovuti ya mteja kutoka Kachibora kwa mtandao dhaifu, kwa sababu kinachosafiri ni maandishi machache tu. Vim inakuja na somo lake, vimtutor, la nusu saa hivi, na halihitaji intaneti.

Lakini tusiwadanganye vijana. Mradi ukifika faili 30, VS Code hukuonyesha kosa kabla hujaendesha, hukupeleka mahali kitendaji kilipoandikwa, hubadilisha jina kila mahali kwa mara moja, na hukuruhusu kusimamisha programu katikati uone kila thamani. Kazi ya saa mbili inakuwa ya dakika kumi. Kwa Java na Kotlin pengo ni kubwa zaidi. Anayelipwa kwa kazi akiendelea na Notepad anapoteza pesa kila siku.

Nani achukue nini

*Mwanafunzi wa sekondari:* Python na IDLE. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na sekondari, na Python ndiyo lugha yake. Mashine ya GB 4 inatosha.

*Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au Kitale National Polytechnic:* muhula wa kwanza kihariri chepesi, kisha VS Code. Lenga GB 8 na SSD, upakue kila kitu chuoni.

*Anayetengeneza tovuti za maduka na kuziunganisha na M-PESA kupitia Daraja ya Safaricom:* VS Code bila kusita, na Nano au Vim kwa kazi ya seva.

*Anayetaka programu za Android:* Android Studio kwenye GB 8, lakini jaribu kazi yako kwenye simu yako halisi kwa waya wa USB. Utaokoa RAM na GB kadhaa za bando.

*Asiye na laptopu:* simu ya Android yenye Pydroid 3 au Termux. Skrini ni ndogo, vidole vitachoka, lakini Python ni ile ile.

Kabla gunia lolote halijauzwa, tunapendekeza jaribio moja. Andika kwa kihariri chepesi programu ndogo yenye faida nyumbani: ipokee lita za maziwa za kila siku na bei ya lita, itoe jumla ya mwezi na deni lililobaki. Ukiimaliza, utakuwa unajua kama kazi hii unaipenda na ni nini hasa kilikukwamisha. Ikiwa ni kutoelewa, laptopu ya Sh 42,000 haitakusaidia, na unachohitaji ni mwalimu na mazoezi zaidi. Ikiwa ni mashine iliyokuwa ikiganda, nenda Kitale ukanunue RAM kwanza, na umwonyeshe mzazi wako programu ya maziwa unapomwomba nauli.