Fahamu: Laxton, kijiji chenye mahakama ya mashamba

Mnamo Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kufuta halmashauri za wilaya katika maeneo yenye ngazi mbili za utawala, yaani wilaya na kaunti. Nottinghamshire imo. Hapo ndipo kilipo Laxton, kijiji kidogo ambacho kina chombo kikongwe kuliko halmashauri zote hizo.

Laxton bado kinalima kwa mtindo wa enzi za ukabaila. Kuna mashamba makubwa matatu yasiyo na ua: West Field, South Field na Mill Field. Kila moja limegawanywa vipande virefu vinavyolimwa na wakulima tofauti, na kila mwaka moja hupumzishwa kwa zamu. Ramani iliyochorwa mwaka 1635 inaonyesha vipande hivyo kimoja kimoja.

Jirani akimega ardhi ya jirani, au akilima hadi njiani? Kila mwaka, majira ya baridi yanapoanza, wakulima walioapishwa hulikagua shamba lililopandwa ngano na kupigilia vigingi mpakani. Wiki moja baadaye mahakama ya kijiji, ndicho chombo hicho kikongwe, hukutana, tena baani, na kutoza faini. Ni fedha kidogo. Aibu ndiyo kali.

Mahakama hii si baraza la kijiji. Mabaraza ya vijiji yanayochaguliwa kwa kura yalianzishwa kwa sheria ya 1894. Yenyewe hushughulikia mambo madogomadogo, kama makaburi na viwanja vya michezo. Mpango wa kufuta halmashauri za wilaya hauyafuti.