AE si A wala E

Mama mboga aliye karibu na steji hapa Waithaka aliweka chini kisu cha kukatia sukuma, akapangusa mikono kwenye aproni, ndipo akaikunjua ripoti ya mwanawe wa Gredi ya 6. Mbele ya Hisabati palikuwa na herufi mbili: AE.

"Mwalimu, hii ni A ama ni E?"

Kaka wa mtoto alifanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2023, akapata alama 312 kati ya 500. Hizo mama alizielewa bila mkalimani. Nikamwambia AE maana yake ni kuwa anakaribia matarajio. Uso ukakunjuka. "Kumbe yuko njiani!"

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Kenya Januari 2019, una majina ya Kiswahili ya viwango vyake: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Nayapenda kwa kuwa ni maneno ya safari. Sisi tuliambiwa tumeanguka, au tumeshika mkia. Lakini wazazi wanapokea herufi za Kiingereza, na kwa aliyezoea A hadi E, AE na BE ni fumbo. Mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 wa mwaka wa 2025 ukakigawa kila kiwango sehemu mbili, EE1 hadi BE2, pointi 8 hadi 1.

Kuzidisha ndiko kunakonikera. Kuzidi ni kupita kiasi. Ukitia -ish- unakiongeza kitu, ndiyo maana watoto huzidisha 6 kwa 7. Aliyezidisha matarajio ameyaongeza, hajayapita. Ningeandika kuzidi, ingawa mzazi akisema "huyu mtoto amezidi!" huwa hamsifu. Na gredi nayo imehama: zamani ukiuliza "gredi gani?" ulijibiwa B au C, leo utajibiwa "ya sita", kwa maana ndilo jina la darasa.

"Sasa imebaki kiasi gani afike?" mama akauliza.

Herufi hazikusema. Chini kabisa, kwa biro, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mtoto anatatizwa na hesabu za sehemu. Nikamsomea kwa Kiswahili. Alichukua kitunguu kimoja, akakikata vipande vinne, akamwita mwanawe huyo aliyekuwa akipanga nyanya.

"Kuja hapa. Hiki kimoja ni ngapi ya kitunguu?"