Tumeshinda, Wamefungwa

Msikilize mwanamume wa mji wetu atokapo kutazama mpira. Timu yake ikishinda, husema, "Tumeshinda." Ikishindwa, husema, "Wamefungwa." Timu ni ile ile, wachezaji ni wale wale, naye aliketi pale pale kwenye benchi la kibanda cha video na kikombe chake cha kahawa chungu, lakini baina ya Jumamosi moja na ya pili ameshajitoa kikosini. Kiswahili chetu humfichua kwa wepesi, kwa kuwa mtenda yumo ndani ya kitenzi chenyewe. Hawezi kufungua kinywa bila kutaja kama yumo au hayumo.

Wataalamu wa elimu ya nafsi waliwahi kulipima jambo hili huko Marekani. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vyuo vikuu kadhaa. Walihesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina la chuo chao siku ya Jumatatu, wakaona kwamba wavaaji huwa wengi zaidi timu ya chuo iliposhinda mwisho wa juma. Wengine waliulizwa kwa simu waeleze mechi ilivyokwenda, na hao nao walitumia "sisi" zaidi katika ushindi kuliko katika kushindwa. Mama yeyote afuaye nguo za nyumba angewaeleza hayo bila ya utafiti. Anajua ni wiki gani jezi huja tundu la nguo chafu na ni wiki gani hulala kabatini imekunjwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuyasoma haya kutoka kwa watu wa madrasa. Sisi ni mashabiki wa Arsenal ya London na hatuoni haya kulisema. Wazee wetu walikuwa na Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na wapo wazee ambao hawakuwahi kuupiga mpira hata mara moja lakini hadi leo husema "tulichukua" wanapoutaja mwaka huo. Kizazi chetu kilivutwa na televisheni. Ilipokuwa Arsenal ina Kanu wa Nigeria, Lauren wa Cameroon na Kolo Touré wa Ivory Coast, tena huyu wa mwisho ni Mwislamu mwenzetu, ilikuwa vigumu kijana wa Pwani kuitazama timu ile kama ya watu baki.

Kuhusu sala tuseme neno moja tupite. Katika miezi ya baridi ya Uingereza, mechi ya saa tisa alasiri ya kwao huanza kwetu saa kumi na mbili jioni, na Maghribi huingia kipindi cha kwanza kikiwa hakijesha. Wapo wanaongoja mapumziko ya saa moja kasorobo ndipo wakimbilie udhu. Jamaa ya msikitini ni bora kuliko hayo, na goli lenyewe hurudiwa kwenye skrini mara tano.

Turudi kwenye mpira. Msimu wa 2003 na 2004 Arsenal ilicheza mechi 38 za ligi bila kufungwa hata moja: ilishinda 26 na kutoka sare 12. Ukiunganisha na mechi za kabla na za baada yake, ilikaa mechi 49 za ligi bila kushindwa. Siku hizo "tu" ilikuwa ikisikika katika kila baraza. Ilifika mahali mtu akitaja uwezekano wa kufungwa akaonekana kama ametukana. Kisha, tarehe 24 Oktoba 2004, timu ikaenda Old Trafford na Manchester United wakaifunga mabao mawili kwa bila. Tuliwaona watu wazima, wenye wake na wajukuu, wamekaa kimya kama waliotoka kuzika.

Kuna hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.) ambayo tunaona kila shabiki anapaswa kuijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa al-Adbaa, na alikuwa hashindwi mbio. Akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akamshinda. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu, hata Mtume akaiona huzuni yao. Akawaeleza kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu chochote cha dunia isipokuwa atakishusha. Kinachotugusa katika kisa hiki ni kwamba masahaba wale, watu bora wa umma huu, walihuzunika kwa ajili ya mbio za ngamia. Hawakukemewa kwa kuhuzunika. Walielezwa tu dunia ilivyo, nasi hatusomi popote kwamba yeyote kati yao alimkana al-Adbaa siku ile au alikwenda kulitolea joto nyumbani kwake.

Mtihani wetu ulikuja mwaka 2011, Jumapili ya tarehe 28 Agosti, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Mechi ilichezwa jioni yetu, wakati wa futari. Uwanja ulikuwa ule ule wa Old Trafford, na Arsenal ilifungwa mabao manane kwa mawili. Katika sala ya tarawehe usiku ule hatukuiona jezi nyekundu hata moja, ilhali wiki chache nyuma zilikuwa zikihesabika safu kwa safu. Ukimwuliza mtu habari za mechi alijibu, "Vijana wale hawana kocha," kama msemaji wa nchi jirani.

Katika Sura An-Nisaa, aya za 72 na 73, anatajwa mtu anayejikokota nyuma. Waumini wakipatwa na msiba, hushukuru kwamba hakuwapo pamoja nao. Wakipata fadhila, hutamani lau angekuwa nao apate fungu lake. Hatumwiti shabiki mnafiki, hasha. Aya zile zinazungumzia jambo zito la dini, na mpira ni mchezo. Ila tabia ya moyo ni moja, na mpira huitoa hadharani kila wiki bila mtu kujua kwamba anatazamwa.

Anayetendewa hivyo huumia. Mesut Özil, Mwislamu mwenye asili ya Kituruki, aliichezea Arsenal, na mwaka 2014 alikuwamo katika kikosi cha Ujerumani kilichotwaa Kombe la Dunia. Miaka minne baadaye Ujerumani ilitolewa mapema, lawama nyingi zikamwangukia yeye. Julai 2018 alijiuzulu timu ya taifa kwa waraka aliouandika, na moja ya malalamiko yake lilikuwa kwamba wakishinda yeye huhesabiwa Mjerumani, na wakishindwa huhesabiwa mhamiaji.

Yupo na mwingine ambaye kisa chake kimetufikirisha zaidi, naye ni kocha Arsène Wenger. Alifika Arsenal mwaka 1996 akiwa hajulikani sana Uingereza, akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1998, 2002 na 2004, na Kombe la FA mara saba. Mwaka 2006 aliifikisha timu fainali ya Ulaya jijini Paris. Mlinda lango akatolewa kwa kadi nyekundu mapema, na bado Arsenal ikatangulia kwa bao la Sol Campbell mpaka dakika ya 76, ndipo Barcelona wakarudisha na kuongeza la pili. Kisha miaka ikapita bila kikombe, na waliokuwa wakimwita Profesa wakaanza kubeba mabango ya kumtaka aondoke. Machi 2017, timu ikicheza ugenini kwa West Bromwich, ilipita angani ndege ndogo ikiburuta kitambaa cha kumfukuza. Baadaye ikapita ya pili na kitambaa cha kumtetea. Watu walitoa pesa zao kukodi ndege wagombane mawinguni! Mwezi wa Mei 2018 alipoaga uwanja wa nyumbani, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, wengi wamevaa fulana za kumshukuru. Bila shaka walikuwamo na wa mabango.

Dada zetu wanaijua hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayowaonya wanawake dhidi ya kukana wema wa mume: ukimfanyia mema dahari nzima, kisha akaona kwako jambo moja, husema hajaona kwako kheri yoyote. Wanaijua kwa sababu sisi wanaume tunaisoma kwenye mimbari mara kwa mara, na wakati mwingine kwa furaha isiyostahili mimbari. Hadithi ni haki, hatuna neno juu yake. Lakini kilichokemewa ni kukana ihsani, na anayedhani maradhi hayo hayamfikii mwanamume akawatazame wanaume wa uwanja mzima wakimwambia mtu aliyewapa vikombe kwa miaka ishirini kwamba hawajaona kwake kheri. Kabla hatujaisoma hadithi ile Ijumaa, tuyakumbuke tuliyoyasema Jumamosi.

Hata hivyo ushabiki una wema wake, na hatutaki kuudhulumu. Shabiki wa kweli hahami. Arsenal ilimaliza ya pili mwaka 2023, ikamaliza ya pili mwaka 2024, ikamaliza ya pili tena mwaka 2025, na kila Agosti watu wale wale walirejea kwenye benchi lile lile. Wanaisamehe timu makosa ambayo wasingemsamehe ndugu. Wanaisubiri, wanaitafutia udhuru, wanasema kipa ni mgeni, beki ameumia, refa alikuwa na lake. Hiyo ndiyo husnu dhana tunayoifundisha madrasani siku zote. Linalotushangaza ni mahali inapotumiwa. Mji huu una wanaume waliobadilisha wake watatu bila kubadilisha timu hata mara moja, na ukifuatilia sababu ya talaka moja wapo utakuta ni mchuzi uliozidi chumvi na maneno yaliyozidi mchuzi. Mke hakupewa hata nusu ya nyudhuru alizopewa beki wa kushoto.

Na hapa ndipo maneno yetu yanapoacha kuwa ya mzaha. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha uchunguzi wa taarifa za polisi wa jimbo la Lancashire katika siku za Kombe la Dunia la mwaka 2002, 2006 na 2010. Siku timu ya England iliposhindwa, taarifa za ukatili wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 38. Ilipokuwa imeshinda au kutoka sare, zilipanda kwa asilimia 26. Iangalieni hiyo hesabu ya pili. Mke alipigwa hata siku ya furaha, maana yake si bao lililompiga.

Atasema mtu kwamba wale ni walevi. Nasi tunamwuliza: sahani iliyorushwa ukutani Jumapili usiku, katika nyumba isiyoingia pombe, ilirushwa na kilevi gani? Kesi hizi hutufikia. Mama huja na bintiye, huanza kwa kueleza habari za posho, kisha nguo, na katikati ya maneno humponyoka: "Na siku timu yake ikifungwa, watoto nawapeleka kwa mama mapema." Yeye hafuati mpira, lakini ratiba ya ligi anaijua kwa moyo.

Siku hizi pana na kamari ya simu, ambayo imeharamishwa kwa aya iliyo wazi katika Sura Al-Maida, na aya inayofuata inaeleza kwamba kwayo shetani hutia uadui na chuki baina ya watu. Mume aliyeweka pesa ya matumizi juu ya mechi ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani hurudi na hasira ambayo mkewe hajui chanzo chake. Anadhani ni chakula. Kesho yake anapika kingine.

Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), naye Bibi Aisha akamshinda. Muda ukapita, mwili wa Bibi ukaongezeka, wakashindana tena, safari hii Mtume akatangulia, akamwambia kwa mzaha kwamba hiyo ni badala ya ile ya kwanza. Bibi Aisha mwenyewe ndiye aliyeisimulia, miaka mingi baadaye. Alikumbuka kushinda na alikumbuka kushindwa, na zote mbili alizisimulia kama mambo ya furaha yaliyotokea baina ya watu wawili.

Tulianza na herufi mbili za kitenzi, na zipo nyingine za aina hiyo ambazo kila nyumba inazo. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mtoto akiwa amefaulu, baba huinua simu kuwapigia jamaa wa Lamu na wa Mombasa: "Mwanangu amefaulu." Akianguka, hugeuka jikoni na kumwambia mkewe: "Mwanao ameanguka." Nyumba zetu zina mapazia milangoni, na mapazia ni mepesi. Mtoto yumo chumba cha pili na simu yake mkononi, na maneno yote mawili anayasikia.