Tumaini Lililobaki Chiwata

Kanisa halijawahi kumwahidi Mkristo kwamba dhiki itampita kando. Nalisema hili mapema kwa sababu mahubiri mengi siku hizi yanafundisha kinyume: toa sadaka nono, pakwa mafuta, na korosho zako zitapata bei. Bei ikianguka, mkulima huambiwa imani yake ni haba. Huko ni kumtwika aliyelemewa, na ni mafundisho potofu.

Tumaini la Kikristo tulitazame Chiwata, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Mwaka 1886 aliwekwa katika eneo hilo shemasi Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Unguja, na baadaye Canterbury, Uingereza. Alipelekwa katika nchi ambayo hofu ya kutekwa ilikuwa bado haijaisha. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 1882, Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia misioni ya Masasi, wakaua na kuteka watu, na miongoni mwa wakazi wake walikuwamo waliokwisha kukombolewa utumwani mara moja. Majaliwa alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA, misioni ya Kianglikana, akaendelea na kazi katika eneo hilo hadi 1897.

Amani haikudumu. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, misioni ilichomwa moto. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na mapadri na walimu Waafrika wakabaki na Kanisa mikononi mwao, baadhi yao nao wakifungwa. Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, likirudi nyuma baada ya mapigano ya Mahiwa, lilipita Chiwata yenyewe kabla ya kuvuka Ruvuma. Njaa na homa ya mafua ya 1918 vikafuata.

Ni nini kilichowashika watu? Si kuamini kwamba mabaya yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, analiweka tumaini mwishoni mwa mfululizo unaoanza na dhiki na saburi. Msingi wa tumaini hilo ni jambo lililokwisha kutendeka, ufufuo wa Kristo, ndiyo maana halipimwi kwa mavuno ya mwaka huu. Mwili wa tumaini ni mambo madogo yanayorudiwa: sala ya jioni hata wakiwa watu watatu, mtoto kufundishwa kusoma, mgonjwa kutembelewa, maiti kuzikwa kwa heshima.

Kalenda ya Kanisa yenyewe inafundisha hivyo. Majilio, majira ya kungoja kabla ya Krismasi, huangukia wakati ambapo mkulima wa Masasi na Newala anazitazamia mvua za kwanza na, mara nyingi, malipo ya korosho alizokwisha kupeleka ghalani. Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliongoja fedha zao kwa miezi. Kungoja kwa Kikristo hakumnyimi mtu haki ya kudai chake. Anayeamini kwamba Mungu atahukumu kwa haki ana sababu zaidi ya kwenda chama cha msingi cha ushirika, na stakabadhi mkononi, kuuliza fedha zake ziko wapi. Na padri wake afuatane naye.